Cheni bloku ya tani 1 ya Gerezani: miezi 8 nikipandisha na kushusha bodi ya buggy gereji kwangu Kigamboni

Nianze na bei maana najua ndo kitu cha kwanza kila mtu anaangalia. Shilingi 180,000, mtaa wa Gerezani hapa Dar, baada ya kubishana karibu nusu saa, jamaa alianzia 240. Ni cheni bloku, ile winchi ya kunyanyulia mizigo kwa kuvuta mnyororo kwa mkono, ya tani 1, mnyororo wa kunyanyulia unashuka mita 3, ya Kichina, rangi ya chungwa, imekuja kwenye boksi na karatasi moja ya maelekezo. Nimeitumia miezi 8 kupandisha na kushusha bodi ya gari ya faiba gereji kwangu na mpaka leo haijaniachia mzigo hata sentimita moja. Kwahiyo kama unataka kujua tu inafaa au haifai, inafaa, kanunue. Ila aisee yenyewe ndo sehemu rahisi kuliko zote kwenye hii kazi, hela yangu nyingi na presha yangu yote viliishia kwenye vitu vinavyoizunguka, na ndo maana naandika kirefu.

Nachojenga ni buggy, zile gari za wazi za ufukweni zenye matairi makubwa nyuma. Zile za bodi ya faiba zilianzia Marekani, California, mwaka 1964, kwa Bruce Meyers, alikuwa fundi wa boti za faiba, akachukua ule utaalamu wa boti akamwaga bodi ya gari na kuipa mashine ya Volkswagen Beetle. Gari yake ya Meyers Manx ndo mama wa hizi zote, na zile zilizoenea zinakaa juu ya sakafu ya Beetle iliyokatwa kati ikafupishwa kama inchi 14. Beetle ya kawaida toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni mita 2.4, ukishaikata unabaki na mita 2 na kidogo. Bodi yangu sio Manx, ni ya mtindo huohuo, niliinunua kwa mzee mmoja Oysterbay alikuwa ameiweka nyuma ya nyumba chini ya mwembe miaka mingi, jelikoti, lile tabaka la rangi la juu, imepauka kwa jua lakini faiba yenyewe ukiigonga inalia vizuri. Tukaipakia kwenye kirikuu, ile pikapu ndogo, tukapita nayo daraja la Kigamboni pole pole, nimekaa nyuma nimeishikilia kama mgonjwa maana ule upepo wa pale juu unainyanyua.

Sa ukiwa na gari ya kujiunganishia mwenyewe namna hii, bodi haiwekwi mara moja ikaisha. Unaipandisha, unaweka alama ya mashimo, unaishusha, unatoboa, unarudisha, unakuta bomba la breki linagusa, unaitoa tena, unapitisha waya, unarudisha. Mimi mpaka sasa nimeshaipandisha na kuishusha zaidi ya mara 20. Mwanzoni nilikuwa naita vijana wanne wa mtaani, bodi tupu tuliipima kwa ule mzani wa kuning'inia wa magunia ikasoma kilo 84, kwahiyo watu wanne wanaibeba bila shida, ila shida ni inaenda kukaa wapi. Gereji yangu ni ya gari moja, mita 3 na nusu kwa 5 na nusu, na kona moja kuna friza ya mama watoto ya biashara ya ubuyu na barafu ambayo haisogei kwa ajili ya mtu yeyote. Bodi ikikaa chini sakafu yote imeisha, ikikaa nje kuna jua na watoto na mbuzi wa jirani. Juu ndo palikuwa patupu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua haraka. Cheni bloku ya kwanza nilichukua kwenye duka moja mjini, jina silitaji, nikaijaribu kwa kunyanyua injini ya Beetle, ambayo ni ya kupozwa na upepo na sio nzito kivile. Nikanyanyua mpaka usawa wa magoti, nikaachia mnyororo, nikageuka kuchukua spana. Nikasikia kama kitu kinakwaruza taratibu. Kugeuka naona injini iko chini kuliko nilivyoiacha. Nikachukua chaki nikachora mstari kwenye mnyororo pale unapoingilia, nikanyanyua tena, nikasimama naangalia tu. Mstari ukawa unasogea, unasimama, unasogea, kama sentimita 10 kila baada ya muda, bila mtu kugusa kitu. Moyo ulinienda mbio kwakweli, maana mdogo wangu alikuwa ametoka kulala chini ya ile injini dakika chache nyuma akiangalia muhuri wa oili.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi wa winchi ambaye amefanya kazi bandarini miaka mingi. Nikamwamkia, nikamweleza, hakuuliza swali, akafungua kifuniko cha upande wa mnyororo wa mkono, akapitisha kidole ndani akakitoa kimejaa griisi. Akasema, "Mwanangu, hapa wamepakalia mafuta mahali pasipotakiwa hata tone." Akanieleza na nadhani kila anayenunua hiki kitu anatakiwa aelewe hii. Ndani kuna breki inayojikaza kwa uzito wa mzigo wenyewe. Ukivuta kupandisha, kuna diski za msuguano zinabanwa kwenye gurudumu la meno, na kuna kijino kinaruka juu ya yale meno, ndo ile tik tik tik unayoisikia. Ukiachia, mzigo unataka kurudi chini, na kule kutaka kurudi ndo kunazidi kuzibana zile diski, halafu kijino kinalizuia gurudumu lisirudi nyuma. Kushusha ni wewe unalegeza ule ubanaji kidogo kidogo kwa kuvuta upande wa pili. Sa zile diski zinatakiwa ziwe kavu. Zikilowa griisi kijino kitalia tik tik vizuri kabisa, utaona kila kitu kiko sawa, kumbe diski zinateleza kimya kimya. Mwenye duka alikuwa anapaka griisi kila mahali ili zisipate kutu kwa hii hewa yetu ya chumvi, nia yake labda nzuri ila kaua breki. Mzee alizisafisha kwa thina akazipiga msasa, ikapungua kuteleza lakini haikuisha, diski zilishanyonya mafuta. Kurudisha dukani wakanionyesha kibao ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Hela ile imeenda.

Kwahiyo hii ya pili sikununua mpaka muuzaji aliponifungulia kifuniko mbele yangu nikaona diski kavu, akaitundika kwenye bomba lake pale dukani akanyanyua injini ya Toyota Noah iliyokuwa pembeni, tukachora chaki, tukanywa kahawa mbili, tukarudi mstari uko palepale. Muuzaji wa namna hiyo hata akikuzidishia elfu kumi mpe tu. Nyumbani nikairudia kwa mifuko 6 ya saruji, kilo 300, zaidi ya mara tatu ya bodi yangu, nikainyanyua sentimita 20 tu toka chini nikaiacha usiku kucha. Asubuhi chaki haijasogea.

Sasa pa kuitundikia. Naomba hapa mnisikilize vizuri maana nimeona watu wanafanya. Kenchi sio pa kutundika mzigo. Kenchi za nyumba zetu nyingi ni mbao 2 kwa 4 zilizopigwa misumari kubeba bati na upepo basi, tena zimepangiliwa uzito uje toka juu umegawanyika, sio uning'inie sehemu moja katikati ya ubao wa chini. Mimi wazo langu la mwanzo lilikuwa hilohilo, kupitisha bomba juu ya kenchi mbili nimalize. Shemeji yangu ambaye ni fundi seremala alipanda juu akatazama, akashuka akaniambia shemeji ukitundika hapo nisiwepo. Na sio kilo 84 tu, ukivuta mnyororo na wewe uzito wako unaingia humo, na bodi ikikwama mahali ukaendelea kuvuta kwa nguvu mashine ya tani 1 haijui kwamba imekwama, itaendelea kuvuta mpaka kitu kivunjike.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea hapahapa Kigamboni akanitengenezea fremu inayosimama yenyewe, haigusi ukuta wala paa. Nguzo nne za skwea paipu nene, kila moja ina kibati kipana chini kimefungwa kwa bolti kwenye zege, juu zimeungana pande zote, na katikati kumekatiza chuma cha I ambacho ndo kinabeba cheni bloku. Ukiitazama ni kama fremu ya banda la mama ntilie kabla halijaezekwa. Upana ndani mita 2.4, gari inaingia katikati kwa kusukuma. Alisema siku 4 akachukua 9 kwasababu ya umeme, lakini uchomeleaji wake umetulia, hakuna mahali pa mapovu mapovu, kila kiungo kakizungusha moto pande zote na kona kaweka vibati vya pembetatu. Fremu ilinigharimu zaidi ya mara nne ya bei ya cheni bloku na sijutii shilingi hata moja.

Kuna siku moja ilinifundisha kuhusu mikanda na kovu lake bado lipo kwenye bodi. Nilikuwa na mikanda miwili ya kunyanyulia mizigo, ile mipana ya zambarau, rangi hiyo maana yake ni ya tani 1, nikajua nguvu ipo ya kutosha. Nikaizungusha chini ya bodi, mmoja mbele mmoja nyuma, ncha zote nikakusanya kwenye ndoano moja. Gereji haijaenda juu sana, kwahiyo ndoano ilikuwa karibu na bodi na mikanda ikawa imelala sana badala ya kusimama. Nilipoanza kuvuta mbavu za bodi zikaanza kuingia ndani, nikasikia krrk ndogo. Kwenye ukingo wa kushoto jelikoti ikachanika vinyufa kama utando wa buibui, mduara wa kama kisahani cha chai. Nilikaa chini pale kwenye sakafu muda mrefu, maana ule ukingo nilikuwa nimeupiga msasa kwa mkono wiki mbili.

Hesabu yake iko hivi. Mzigo ukishikwa na mikanda pande mbili ikasimama wima, kila upande unabeba nusu, kwa bodi yangu kilo 42. Ukiitanua mpaka ikalala nyuzi 30 kutoka usawa wa sakafu, kila upande unabeba uzito wote, kilo 84, na kati ya hizo kama 73 zinasukuma kwa kulala, yaani zinabana mbavu kuelekea ndani. Mkanda wenyewe hausikii kitu, umetengenezewa tani nzima, anayeumia ni faiba.

Dawa yake ilikuwa fremu ndogo ya umbo la H ya skwea paipu nyembamba inayoning'inia kwenye ndoano, halafu mikanda minne mifupi inashuka wima toka kwenye ncha zake nne. Buggy iko wazi juu kwahiyo mikanda inapita ndani ya bodi bila kugusa ukingo wowote. Chini haishiki faiba moja kwa moja, inashika bolti za pete nilizofunga kwenye mashimo yaleyale ambayo bodi inafungiwa kwenye sakafu ya Beetle, juu na chini nimeweka kipande cha plaiwudi na washa pana ili uzito usambae. Pale bodi ilipoumbwa kufungiwa ndo pana unene, usitafute sehemu nyingine. Kwenye mlingoti wa kati wa ile H fundi alitoboa mashimo 5 ya ndoano kwa mstari, hiyo niliiomba mwenyewe, maana nilijua sitapata katikati ya uzito kwa kukisia. Shimo la 2 kutoka nyuma ndo bodi inanyanyuka sawa, haiinamishi pua.

Sasa kuhifadhi. Cheni bloku ni ya kunyanyulia na kushushia, sio ya kuachia mzigo ukining'inia wiki mbili huku watu wanapita chini. Hata kama breki nzima, hata kama ni mpya. Na faiba nayo ina tabia yake, ukiishika sehemu nne tu ikaning'inia miezi kwenye joto la gereji ya bati la Dar, ambapo saa nane mchana huwezi hata kugusa spana iliyokaa karibu na dirisha, inaanza kujipinda pole pole na ikishazoea umbo baya siku ya kuifunga mashimo hayakutani. Kwahiyo nilimwambia fundi aweke reli mbili za pembeni kwenye zile nguzo, usawa wa mita 1 na nusu, kama mbavu za kitanda. Nikishanyanyua bodi ikapita pale, nalaza mbao nne kukatiza toka reli hadi reli, ni chaga za kitanda kabisa, nimezivalisha vipande vya kapeti kuukuu, halafu naishusha bodi taratibu mpaka ilale juu yake na mnyororo ulegee. Kila chaga ina kichwa cha bolti pande zote mbili kinachoizuia isiteleze kwenye reli. Nikitaka kuishusha nainyanyua kidogo, nachomoa chaga, nashusha. Bodi haining'inii kabisa zaidi ya zile dakika chache za kazi, na chini yake nasukuma chasisi na injini yake ikiwa imefungwa, nafanya kazi nimekaa kwenye kigoda.

Mara ya kwanza mfumo wote ulipokubali ilikuwa usiku, mwanangu wa darasa la 5 ndo alivuta mnyororo, mkono kwa mkono, tik tik tik, bodi ikapanda imenyooka kama sinia, nikalaza chaga moja moja, ikashuka ikatulia, mnyororo ukalegea. Mtoto anaondoka na mikono myeusi anacheka, mimi nimebaki nimesimama chini yake sijui niseme nini.

Turudi kwenye cheni bloku yenyewe, ina madhaifu. Kile kibati kidogo cha usalama kwenye mdomo wa ndoano springi yake ilichoka mwezi wa tatu, kikawa hakirudi chenyewe, nimebadilisha springi kwa 2,000 lakini kilitakiwa kitoke kizima kiwandani. Stika ya maelezo imebanduka yote, bahati nzuri 1T imegongwa kwenye chuma cha ndoano na hiyo haitoki, ukikuta ambayo ni stika tu bila kugongwa mi nakushauri uiache. Mnyororo wa mkono ni mrefu kuliko mahitaji ya gereji fupi, unabembea na kugonga bodi, umeshanikwaruzia mara mbili, sasa hivi naukusanya kwenye ndoo ndogo ya rangi nimeitundika pembeni. Na rangi ya kasha imeanza kuvimba kutu kwenye kona, kwa sisi tunaokaa karibu na bahari hiyo itegemee. Matunzo yake ni mnyororo wa kunyanyulia kuupaka oili nyepesi kwa kitambaa kila mwezi, kitambaa na sio kopo la kupuliza, maana ukipuliza unaingia mpaka kwenye breki na tumeshaona ilivyokuwa.

Jambo jingine dogo ambalo lilinisaidia wakati wa masika ni kuifunika bodi na merikani badala ya turubai la plastiki. Nilianza na turubai, nikilifunua asubuhi chini kote jasho, maji yanatiririka hadi kwenye chaga na kapeti linanuka. Merikani inapumua, inazuia vumbi na kinyesi cha mijusi, naifua pamoja na mashuka.

Kwa maksi naipa nyota 4 kati ya 5, moja nimeitoa kwa ile springi na stika. Fremu ya fundi wangu naipa 5. Kama bajeti yako inatosha kimoja tu kwa sasa, anza na fremu, cheni bloku utaazima hata kwa jirani, na siku ukienda kununua yako beba chaki mfukoni.

Jumamosi hii nashusha bodi kufunga waya za taa za nyuma, ile sehemu ya vinyufa nimeshaikwangua nikaweka tabaka mbili mpya za faiba kwa ndani, na kwa nje nasubiri jelikoti ya rangi inayolingana toka kwa mafundi wa boti.